PostgreSQL 15 hadi 17 baada ya kupandisha Debian: dump, pg_upgrade au replikesheni?

Umepandisha seva kutoka Debian 12 hadi Debian 13. apt, programu ya kusakinisha vifurushi, imemaliza kazi yake bila kulalamika, seva imewashwa upya, mfumo wa mauzo unafunguka kama kawaida. Unaingia kwenye psql, programu ya kuandikia amri hifadhidata ya PostgreSQL, unauliza `SELECT version();` na jibu linakuja: 15. Ukitazama orodha ya vifurushi, postgresql-17 imo. Hapo wengi hudhani usakinishaji umekwama katikati, wakaanza kuondoa kifurushi hiki na kurudisha kile. Usiguse kitu kwanza. Endesha amri hii:

    pg_lsclusters

Utaona mistari miwili, mmoja kwa kila klasta, yaani saraka ya data pamoja na seva inayoihudumia. Klasta 15/main iko kwenye poti 5432, hai, na data yako yote imo. Klasta 17/main iko kwenye poti 5433, nayo ni hai pia lakini ni tupu. Hakuna kilichoharibika. Debian na Ubuntu zimeamua kwamba toleo kubwa la PostgreSQL halipandishwi na apt; apt inakuwekea programu mpya kando ya ile ya zamani, na kazi ya kuhamisha data inabaki mikononi mwako. Sababu yake ni ya msingi: toleo dogo, mfano kutoka 15.6 kwenda 15.8, halibadilishi muundo wa mafaili kwenye diski, lakini toleo kubwa hubadilisha. Programu ya 17 haiwezi kufungua saraka ya 15.

Ukoo wa Red Hat hauna huruma hiyo. Kwenye Fedora, kwa mfano, programu ya zamani huondolewa na mpya kukaa mahali pake, kwa hiyo siku ya kupandisha toleo huduma inakataa kuwaka na logi inaandika `database files are incompatible with server`. Data bado iko salama. Unaweka kifurushi cha postgresql-upgrade na kuendesha `postgresql-setup --upgrade`, ambayo kwa ndani ni pg_upgrade ileile nitakayoieleza hapa chini. Mengine yote yanafuata Debian, kwa kuwa hapo ndipo una nafasi ya kuchagua kweli.

Kabla ya njia yoyote: mpangilio wa herufi

Kuna tatizo moja ambalo watu hulisukumia PostgreSQL wakati limetoka kwenye mfumo wa uendeshaji, na ndilo linaloamua njia ipi inakufaa kuliko kitu kingine chochote. PostgreSQL, kwa kawaida, haipangi maneno yenyewe. Huiuliza glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux: kati ya maneno haya mawili, lipi litangulie? Jibu hilo ndilo linalotumika kujenga faharasa (index) za safu za maandishi. Sasa Debian 12 ina glibc 2.36 na Debian 13 ina 2.41. Iwapo jibu limebadilika hata kwa alama moja, faharasa iliyojengwa kwa mpangilio wa zamani inasomwa kwa mpangilio mpya, na utafutaji unapita mahali ambapo rekodi ipo bila kuiona.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja na glibc 2.28 mwaka 2018. Mfano wake ni rahisi kuuona: chini ya mpangilio wa en_US.UTF-8, matoleo ya kabla ya hapo yaliweka `11` mbele ya `1-1`, kuanzia 2.28 ikawa `1-1` mbele ya `11`. Fikiria duka lenye namba za bidhaa zenye vistari. Mteja anaitafuta bidhaa, mfumo unasema haipo, mtunza stoo anaiingiza tena, na sharti la upekee (UNIQUE) linairuhusu kwa sababu faharasa yenyewe imepotoka. Sasa una bidhaa moja mara mbili, na hakuna kosa lolote lililoandikwa kwenye logi.

PostgreSQL 15 na kuendelea hurekodi toleo la mpangilio kwa kila hifadhidata, kwa hiyo baada ya kupandisha Debian utaanza kupata onyo hili kila unapoingia:

    WARNING: database "mauzo" has a collation version mismatch

Na ukijaribu kuunda hifadhidata mpya kwenye klasta ya 15 unaweza kukataliwa kabisa, kwa kuwa template1 nayo ina tofauti ileile. Jibu linalosambazwa sana ni amri moja, `ALTER DATABASE mauzo REFRESH COLLATION VERSION;`, na onyo linatoweka kweli. Lakini amri hiyo inaandika upya namba ya toleo tu. Faharasa zinabaki vilevile. Utaratibu sahihi ni kuanza na `REINDEX DATABASE mauzo;` na kumalizia na REFRESH. Ukitaka kujua kama tayari kuna faharasa iliyoharibika, pg_amcheck ipo tangu toleo la 14. Iendeshe na `--install-missing` ili ijiwekee kiendelezi inachohitaji. Faharasa za namba na tarehe haziguswi na jambo hili, wala safu zinazotumia mpangilio wa C, unaofuata thamani za baiti tu.

Kumbuka pia kwamba tatizo hili limekufikia tangu siku ulipopandisha Debian, hata kama bado uko kwenye 15. Kuahirisha kwenda 17 hakukuepushi nalo.

Dump: polepole, lakini unaanza upya

Njia ya kwanza ni kutoa kila kitu kama maandishi ya SQL na kukiingiza kwenye klasta mpya. Kwa mkono ni mstari mmoja:

    /usr/lib/postgresql/17/bin/pg_dumpall -p 5432 | psql -p 5433 -d postgres 2> makosa.txt

Tumia pg_dumpall ya toleo jipya, siyo ya zamani. Inajua namna ya kuandika vitu ambavyo toleo jipya linavitarajia. Au waachie kazi vijana wa Debian:

    pg_dropcluster --stop 17 main
    pg_upgradecluster -m dump -v 17 15 main

Mstari wa kwanza unafuta ile klasta tupu, maana bila hivyo utaambiwa `target cluster 17/main already exists`. Usome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Anayeandika 15 badala ya 17 hapo anafuta data ya kazi, na pg_dropcluster haiulizi swali la pili. Mstari wa pili unahamisha data, unanakili mipangilio yako kutoka /etc/postgresql/15/main, unaipa klasta mpya poti 5432, unaisogeza ya zamani kwenye poti nyingine na kuiweka isijiwashe yenyewe. Programu zako haziguswi hata mstari mmoja wa mipangilio.

Faida ya dump ni kwamba kila faharasa inajengwa upya, kwa hiyo shida yote ya glibc inakwisha palepale. Nafasi iliyokuwa imeliwa na rekodi zilizofutwa inarudi. Na kama kuna rekodi mbili zilizopenya sharti la upekee, `CREATE UNIQUE INDEX` itakataa na kukutajia thamani inayojirudia. Huo ni usumbufu wa usiku mmoja, lakini ni afadhali uujue usiku huo.

Gharama ni muda. Kila rekodi inasomwa na kuandikwa tena, na kila faharasa inajengwa kuanzia sifuri. Hifadhidata ya gigabaiti chache utaimaliza kabla watu hawajarudi kazini asubuhi. Ya mamia ya gigabaiti kwenye diski za kawaida inaweza isiishe usiku mmoja. Ikiwa ni kubwa lakini bado unaitaka njia hii, achana na pg_dumpall: toa majina ya watumiaji kwa `pg_dumpall --globals-only`, kisha kila hifadhidata kwa `pg_dump -Fd -j 4` na uirudishe kwa `pg_restore -j 4`, ili kazi igawanywe kwa mikondo minne.

Fungua makosa.txt ukimaliza. `role "postgres" already exists` ni ya kawaida, ipuuze. Nyingine zote zifuatilie. Inayosumbua zaidi unapokwenda 17 ni faharasa inayojengwa juu ya fankisheni uliyoiandika mwenyewe, ikilalamika kwamba fankisheni fulani haipo wakati unaiona ipo. Toleo la 17 linaendesha CREATE INDEX, REINDEX, ANALYZE na REFRESH MATERIALIZED VIEW kwa search_path (orodha ya skima zinazotafutwa) iliyobanwa, kwa hiyo fankisheni inayoita `unaccent(x)` bila kutaja skima haitaipata. Irekebishe kwenye klasta ya 15 kabla ya kuhama: andika `public.unaccent(x)` ndani yake, au iwekee `ALTER FUNCTION ... SET search_path`.

pg_upgrade: haraka, lakini inabeba yote

Wazo lake ni zuri sana. Kinachobadilika kati ya toleo kubwa na jingine ni majedwali ya mfumo. Kurasa zenye data yako kwa kawaida hubaki na muundo uleule. Basi pg_upgrade inatoa maelezo ya majedwali tu, inayajenga upya kwenye klasta mpya, kisha inachukua mafaili ya data mazimamazima. Kwa hiyo muda wake unategemea zaidi namna unavyoyachukua mafaili hayo:

    pg_upgradecluster -m upgrade -v 17 15 main
    pg_upgradecluster -m clone -v 17 15 main
    pg_upgradecluster -m link -v 17 15 main

Ya kwanza inanakili kila faili, kwa hiyo unahitaji nafasi ya diski mara mbili, na klasta ya zamani inabaki nzima. Ya pili inafanya vilevile bila kula muda wala nafasi, ila mfumo wa mafaili lazima uwe unaweza reflink (nakala mbili kushiriki data ileile hadi moja ibadilike), yaani Btrfs, au XFS iliyoundwa na uwezo huo. Kwenye ext4, ambayo ndiyo Debian huweka kwa kawaida, haiwezekani. Ya tatu inaunda jina la pili kwa faili lilelile. Hifadhidata ya terabaiti nzima inaweza kumalizika kwa dakika chache.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kwenye link, klasta ya zamani na mpya zinashika mafaili yaleyale. Mara tu 17 inapowashwa na kuanza kuandika, 15 haiwezi kuwashwa tena kwa usalama. pg_upgrade yenyewe inalijua hilo: inabadilisha jina la faili la udhibiti la zamani kuwa pg_control.old ili usiiwashe kwa bahati mbaya. Ukikutana na mafunzo yanayokwambia ulirudishe jina hilo ili 15 iwake, jiulize kwanza kama 17 imeshawahi kuwashwa. Kama ndiyo, kilichobaki ni bakapu, na swali ni bakapu hiyo ni ya lini na itachukua saa ngapi kurudi.

Hitilafu nyingi za pg_upgrade zinaweza kugunduliwa mchana, mfumo ukiwa kazini, bila kugusa chochote. Ile klasta tupu ya 17 uliyotaka kuifuta ina kazi kabla haijafutwa. Isimamishe kwa `pg_ctlcluster 17 main stop`, kisha kama mtumiaji postgres, ukiwa kwenye saraka unayoweza kuandika:

    /usr/lib/postgresql/17/bin/pg_upgrade --check \
      -b /usr/lib/postgresql/15/bin -B /usr/lib/postgresql/17/bin \
      -d /var/lib/postgresql/15/main -D /var/lib/postgresql/17/main \
      -o '-c config_file=/etc/postgresql/15/main/postgresql.conf' \
      -O '-c config_file=/etc/postgresql/17/main/postgresql.conf'

Mistari miwili ya mwisho ni ya Debian na Ubuntu hasa, kwa sababu mipangilio yao haikai ndani ya saraka ya data. Jibu baya linaloonekana mara nyingi ni kwamba kuna maktaba zinazokosekana, na majina yake yameandikwa kwenye loadable_libraries.txt. Mara nyingi ni kiendelezi: ulikuwa na PostGIS kwenye 15 na hukuiweka kwa ajili ya 17. Weka kifurushi cha postgresql-17-postgis-3, rudia ukaguzi. Baada ya kuhama, `SELECT postgis_extensions_upgrade();` inamalizia upande wa hifadhidata.

Wanaoruka moja kwa moja hadi 18 kutoka apt.postgresql.org, hazina ya vifurushi ya mradi wa PostgreSQL, wanakutana na jambo jingine: kuanzia 18, klasta mpya huundwa ikiwa na cheksamu za data (namba za kukagua kama ukurasa umeharibika), na pg_upgrade hukataa kama ya zamani haina. Ama zima klasta ya zamani uziwashe kwa `pg_checksums --enable`, ama unda mpya kwa `--no-data-checksums`. Ningechagua la kwanza kama muda upo, kwa sababu cheksamu ndizo zinazokuonyesha diski inapoanza kudanganya.

Na kuna malalamiko yanayokuja siku inayofuata: kila kitu kinafanya kazi, ila ni pole kupita kiasi. Mpaka toleo la 17, pg_upgrade haihamishi takwimu ambazo mpangaji wa maswali huzitumia kuchagua njia, kwa hiyo jedwali la mamilioni ya rekodi linasomwa lote wakati faharasa ipo. Endesha hii mara tu klasta mpya inapowaka, kabla ya kufungulia watumiaji:

    vacuumdb --all --analyze-in-stages

Toleo la 18 ndilo la kwanza kuhamisha sehemu kubwa ya takwimu hizo.

Kisha rudi kwenye glibc. pg_upgrade haijengi upya faharasa hata moja. Onyo lako la mpangilio linahama nalo, na uharibifu kama upo unahama pia. Dakika chache ulizookoa kwa link huenda ukazitumia, na zaidi, kwenye REINDEX. Ndiyo maana ninaposikia mtu akisifu link kwa kasi yake, swali langu la kwanza ni kama ameshahesabu muda wa REINDEX.

Replikesheni: kwa asiyeweza kuzima

Tangu toleo la 10, PostgreSQL inaweza kutuma mabadiliko ya rekodi kutoka toleo moja kubwa kwenda jingine. Unaandaa seva mpya yenye Debian 13 na PostgreSQL 17, unahamisha maelezo ya majedwali kwa `pg_dump --schema-only`, unaunda publication kwenye seva ya zamani, inayotuma, na subscription kwenye mpya, inayopokea, unasubiri data ifikie, kisha unahamisha programu kwa sekunde chache. Faharasa zinajengwa upya kwenye seva mpya, kwa hiyo glibc haikusumbui.

Lakini ina mitego inayoumiza mfumo ulio hai, na mmoja ni mkali. Ukiunda publication ya majedwali yote na kuna jedwali lisilo na ufunguo mkuu, kuanzia dakika hiyo UPDATE na DELETE kwenye jedwali hilo zinakataliwa kwenye seva ya zamani, ile inayohudumia watu: `cannot update table ... because it does not have a replica identity and publishes updates`. Tafuta majedwali hayo kabla, uyape ufunguo, au `REPLICA IDENTITY FULL`. Mtego wa pili ni sloti, alama ya mahali seva mpya ilipofikia kupokea: seva mpya ikizimwa na kusahauliwa, ya zamani inaendelea kuilimbikizia WAL (logi ya mabadiliko) hadi diski ijae, isipokuwa umeweka kikomo kwa max_slot_wal_keep_size. Tatu, namba za sequence, zile zinazojiongeza zenyewe, hazihamishwi. Ukisahau kuzisogeza kwa setval, mauzo ya kwanza kwenye seva mpya yatagonga `duplicate key value`. Mabadiliko ya majedwali nayo hayasafiri, kwa hiyo wasanidi waombwe kutulia kwa siku hizo. Na wal_level ikiwa haijawekwa logical, utahitaji kuwasha upya seva ya zamani mara moja ili kuibadilisha.

Kubaki na 15 kwa sasa

Hili nalo ni chaguo, na halitajwi vya kutosha. PostgreSQL 15 inaendelea kupata marekebisho hadi Novemba 2027. Debian 13 haitakuletea marekebisho hayo, lakini apt.postgresql.org inayo. Ongeza hazina hiyo, fanya REINDEX, na upange kwenda 17 kwa utulivu wiki nyingine. Kupandisha mfumo wa uendeshaji na hifadhidata usiku mmoja kunakunyima nafasi ya kujua hitilafu imetoka wapi.

Ningechagua ipi

Mfumo wa shule, duka la dawa au chama cha kuweka na kukopa wenye gigabaiti kumi au ishirini, na watu wanaolala usiku: dump, bila kusita. Unapoteza saa kadhaa na unapata faharasa safi, na 15 iko palepale nzima kama ukitaka kurudi. Hakikisha tu umeingia kupitia tmux, maana intaneti ikikatika katikati ya SSH kazi hukatika nayo. Kama apt ndiyo iliyokatwa hivyo, `dpkg --configure -a` ikifuatiwa na `apt --fix-broken install` huirudisha kwenye mstari.

Mamia ya gigabaiti na nafasi ya diski ipo: `-m upgrade` ya kunakili, halafu REINDEX ya hifadhidata yenye maandishi mengi kabla ya kufungua milango. Nafasi haipo: link, kwa masharti kwamba --check imepita, bakapu imejaribiwa kwenye mashine nyingine hadi ikawaka, na unajua muda iliochukua kurudi. Nakala pepe ya seva (snapshot), kama mtoa huduma anairuhusu, ichukuliwe huduma ikiwa imezimwa, dakika moja kabla.

Huduma ya saa 24 ambayo dakika thelathini za kuzima zinagharimu fedha za watu: replikesheni, na mtu wa kuisimamia kila siku hadi mwisho.

Klasta ya 15 ukiifuta, tumia `pg_dropcluster 15 main` kwanza, kisha `apt purge postgresql-15`. Baada ya dump au kunakili, iache ipite mwisho wa mwezi, ripoti zitoke na hesabu zilingane. Ila jua kwamba kila siku inayopita, ukirudi 15 unapoteza kilichoandikwa kwenye 17 tangu ulipohama. Baada ya link hakuna cha kusubiri: saraka ya 15 haina tena data inayoweza kuwashwa, na kuifuta hakuigusi 17, kwa sababu kinachoondoka ni majina ya zamani ya mafaili.